Makongeni ya Kwale

Nairobi hii ukitaja Makongeni, mtu anawaza zile nyumba za reli karibu na Jogoo Road. Wa Thika naye anawaza ya kwao. Ninayoisema mimi iko Kwale, kando ya ghuba ya Gazi, kilomita kama 50 kusini mwa Mombasa: unavuka feri ya Likoni, unapita Ukunda, unashuka kabla hujafika Msambweni. Mimi ni Mdigo wa Gazi, jirani wa Wamakonde wanaoishi hapo. Nimekula kwao tangu utotoni, na kinachoniudhi ni jinsi watu wa huku bara wanavyowataja Wamakonde kana kwamba wameshuka kwenye basi juzi.

Haya, walikuja lini? Tuanze na mkonge, maana ndio uliowaleta wengi wao, na mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta pwani ya Tanganyika mwaka 1893, akiuagiza kutoka Florida. Katika miche 1,000 ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Haukupita muda mrefu mashamba yakaenea, na huku kwetu pia yakalimwa.

Kazi ya mkonge huwezi kumwombea umpendaye. Jani lina mwiba kwenye ncha, utomvu wake unawasha ngozi, na katika uzito wa jani zima nyuzi hazizidi sana asilimia 4. Maana yake mtu alishinda juani akibeba maji na makapi ili tajiri apate kamba. Sisi wenyeji tulikuwa na minazi na bahari, wengi hawakuitaka kazi hiyo. Kwa hiyo wakatafutwa watu wa mbali. Kuanzia miaka ya 1930 Wamakonde wa kaskazini mwa Msumbiji wakawa wanafika, hawa kwa mkonge, wale kwa miwa ya Ramisi, huko huko Kwale. Wengine walifuata baadaye wakikimbia vita vya kumwondoa Mreno, vilivyoanza 1964.

Kuna bibi mmoja kule, ana chale za kwao usoni, zile za mistari iliyokunjamana mashavuni. Kila nikirudi likizo lazima nipite kumwamkia, nisipopita habari zinafika kwa mama kabla yangu. Mumewe alikuwa mkataji wa mkonge.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Bado unalinda milango ya watu?"

"Bado, bibi."

Basi anacheka, halafu anarudia hadithi yake ya matita. Majani yalifungwa kwa idadi, matita yakapangwa kwa idadi, na msimamizi akipita akakuta yamepungua, siku hiyo haikuandikwa. Umefanya kazi na hukufanya.

Nikimsikiliza nawaza kwamba shamba lilijua sana kuhesabu. Hata serikali ya mkoloni ilijua: kwa sheria ya 1915 kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuandikishwa, na kipande chake akakivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Karatasi ya kumwandika mtu kama mfanyakazi haikukosekana. Ilikuja kukosekana ya kumwandika kama raia.

Maana mashamba yaliondoka, watu wakabaki. Nailoni ikaushusha bei mkonge. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kikafungwa 1988, na ule mji mdogo ukanyamaza kabisa. Waliokuwa wakiitwa vibarua wakawa hawana hata mwajiri wa kusema "huyu ni wangu". Msumbiji hawakurudi, wangerudi kwa nani? Wana wao walizaliwa Kwale, wanasema Kidigo vizuri kuliko mimi niliyezoea Kiswahili cha matatu, na wamezika wazee wao hapo hapo.

Kazi yangu, kama bibi alivyosema, ni usoja. Nasimama kwenye mlango wa ghorofa moja katikati ya jiji, na maneno yanayotoka kinywani mwangu kutwa nzima ni "kitambulisho tafadhali". Naandika namba daftarini, mtu anapita. Asiye nacho namrudisha, hata akiwa amevaa suti. Hiyo ndiyo amri, na mimi nina watoto. Sasa fikiria kijiji kizima ambacho kwa zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru mtu wake asingevuka mlango wangu.

Na mlango wa ghorofa ndio mdogo kabisa. Bila kitambulisho hupati laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo M-Pesa unatumia ya jirani. Pale Gazi walikuwapo wavuvi na wachongaji waliokuwa wakilipwa kupitia simu za Wadigo, na si kila Mdigo alikuwa muungwana, nasema hivyo na mimi ni Mdigo. Huandikwi kazi, hufungui akaunti, hupigi kura. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinakuwa vita, na bila cheti mtihani wa shule ni mashaka. Ukikutana na polisi njiani jioni, unajua mwenyewe.

Sheria ya uraia ya 2011 iliwafungulia kidogo. Asiye na uraia popote ambaye ameishi Kenya tangu 12 Desemba 1963 aliruhusiwa kuomba kuandikishwa, ila ndani ya miaka 5. Muda ukaisha Agosti 2016 na watu wa Makongeni wangali vilevile. Oktoba wakaamua: mamia yao wakafunga safari kutoka Kwale kuja Ikulu ya Nairobi. Matembezi hayo yaliwafikisha kwa Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Vilianza kutolewa, na Wamakonde wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani, ambao nao hawakuwa na uraia, walingoja hadi 2023 kutambuliwa.

Mimi siku ile nilikuwa zamu. Nilipata habari kwenye redio ya mwenye kibanda cha chai, na nilipomweleza kwamba wale ni majirani zangu, aliniuliza, "Kumbe hao nao ni Wakenya?" Sikumjibu. Nilimaliza chai.

Watu wakija kuandika kuhusu Makongeni huishia hapo, kwenye vitambulisho. Lakini kijiji kina shughuli zake. Nenda ghubani maji yakipwa uone mikoko, mikandaa na michu iliyopandwa kwa mkono. Miaka ya 1970 miti ilikatwa sana kwa kuni za viwanda, hata samaki wakapungua. Gazi na Makongeni sasa wanaitunza pamoja kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013: hekta 117 za msitu, watu wa nje wanalipia hewa ya ukaa inayonyonywa na miti hiyo, na fedha zinaingia kwenye maji na shule. Mwaka 2017 mradi ulishinda Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kwenye vikao vya kugawa fedha hizo kuna kelele za ajabu, tena nyingi ni za akina mama, na mimi naona heri kelele hizo.

Halafu uchongaji. Mzee akikaa chini ya mwembe na gogo la mpingo mapajani, anaanza na tezo, anashuka kwenye patasi, anamaliza na msasa, na kinachotoka ni nguzo ya watu waliobebana, mguu wa huyu begani mwa yule, mtoto amejipenyeza katikati. Mti huo ni mgumu kiasi kwamba patasi inanolewa kila mara, kwa hiyo sauti unayoisikia zaidi ni ya jiwe la kunolea. Nyingi zinaenda Diani kwa watalii.

Ukienda kununua, nunua Makongeni kwenyewe, Diani utalipa na kodi ya duka. Na chukua tahadhari moja. Vijana wengine wanachonga mti mweupe na kuupaka rangi ya viatu. Lowesha kidole kwa mate usugue chini ya kinyago. Kidole kikitoka cheusi, rudisha. Au kitumbukize ndooni: mpingo unazama.