Leo amekuja mwenyewe

Farasi jike niliyemchukua miezi mitatu iliyopita, kutoka kwa mmiliki aliyeshindwa kumtunza, alikuwa akitetemeka kila alipoona lijamu, kile chuma cha kinywani, nami sikumlaumu.

Alfajiri ya leo, maji yakiwa yamekupwa pale Nyali, nilisimama mchangani, hatamu begani, bila kumwita.

Alikuja mwenyewe.

Aliweka pua yake kiganjani mwangu, akashusha pumzi ndefu yenye joto, na sikio lake moja likabaki limenielekea.

Nilipompima, moyo wake ulipiga mara 40 kwa dakika. Katika mbio za farasi za masafa marefu, daktari wa mifugo kwa kawaida hataki mapigo yazidi 64 baada ya mapumziko, lakini (niseme ukweli) leo sikuwaza mbio hata kidogo.

Ndugu zangu mliowahi kulea mnyama aliyeumizwa, aliwaamini baada ya muda gani?