Nimerudi Amu Nikakuta Ofisi Nyingi

Nimerudi Amu, yaani Lamu kama tunavyoiita wenyewe, baada ya miaka mingi ya kufanya kazi Maskati. Katika mambo yote mapya niliyoyakuta, hata bandari ya Kililana ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, hakuna lililonishughulisha kama wingi wa ofisi ambazo sasa zinaamua mambo madogo ya mtu wa kawaida: mti wa kutengenezea dari, chombo cha kwendea baharini, biashara ya mama anayekaanga viazi mlangoni pake, hata simu iliyo mfukoni. Sizungumzii Bunge la Nairobi wala bunge la kaunti, ambayo angalau tunayapigia kura na tunaweza kuyanyima kura. Nazungumzia mamlaka, bodi na mashirika ya serikali ambayo sheria imeyapa uwezo wa kutunga kanuni, kutoa leseni, kukagua, kutoza ada na kuzuia mali, na ambayo wakuu wake wengi hatujapata kuwaona wakishuka gatini.

Niliondoka mwaka 2009. Katiba ya sasa ilipitishwa Agosti 2010 nikiwa ugenini. Kaunti zikaanza kazi 2013, mfumo wa eCitizen wa kupatia huduma za serikali mtandaoni ukaja 2014, walinzi wa pwani wakaundiwa sheria yao 2018, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta ikapewa jina na uwezo mpya 2019, na Oktoba 2024 bima ya afya ya zamani ikafungwa ikaletwa SHA, ambayo humkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Aliyekuwa hapa aliyapokea haya moja moja na akayazoea. Mimi nimeyakuta yote siku moja, na pengine ndiyo sababu nayaona kwa ukubwa wake. Kuanzia Januari 2025 hata simu anayoingia nayo msafiri ilitakiwa kutajwa forodhani pamoja na nambari yake ya utambulisho, agizo ambalo Mahakama Kuu ililibatilisha mwaka huo huo, kwa hiyo somo langu lilianza kabla sijatoka uwanja wa ndege.

Lakini lililonifundisha zaidi ni nyumba yetu ya mtaa wa Mkomani. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Dari ya juu imeanza kushuka. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inalinda majengo kama hayo, kwa hiyo anayetaka kugusa ukuta au dari sharti aombe idhini na atumie vifaa vinavyolingana na jengo. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Nimeona miji mingine ya pwani ambako saruji imezinyonga nyumba za matumbawe hadi zikapasuka, na sitaki Amu ifike huko.

Sasa boriti zinatoka wapi? Zinatoka mkokoni, na mikoko ni msitu wa serikali. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na tangu zamani wakataji wa hapa wameipanga miti yao kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, wakaiuza kwa korija, yaani ishirini ishirini. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma kwa siku 90, kisha muda ukaongezwa. Amri hiyo ilitokana na hofu ya kukauka kwa mito na vyanzo vya maji bara, ambako misitu ya milimani ilikuwa ikiangamizwa, lakini ilikuja mpaka kwenye maji ya chumvi ikamkuta mkataji wa Lamu ambaye hana mto wa kukausha. Baadaye ukataji wa mikoko hapa uliruhusiwa tena kwa masharti. Fundi anayetutengenezea dari, mtu mzima aliyejifunza kazi kwa babake, alinieleza jinsi mambo yalivyokuwa wakati huo: sheria moja inamtaka mwenye nyumba aweke boriti asiweke chuma, na amri nyingine inasema boriti zisikatwe. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, hapo mtu atii ipi?" Walioweza kungoja walingoja. Wasioweza waliegemeza dari zao kwa magogo yoyote yaliyopatikana, na nyumba nyingine ziliendelea kunywa maji ya mvua.

Sidhani kwamba mtu yeyote katika ofisi hizo mbili alikusudia kuwadhuru watu wa Amu. Kila mmoja alikuwa akilinda kitu chenye thamani, huyu mji na yule msitu. Kasoro ni kwamba hapakuwa na mtu aliyelazimika kukaa na mwenye nyumba, fundi na mkataji kabla ya amri kutoka, ambao wangemwambia kwa dakika chache kile ambacho sheria mbili hizo zilishindwa kukiona.

Nasema haya nikijua kwamba wapo wanaotaka sheria zote ziondolewe ili kila mtu afanye apendavyo, nami si mmoja wao. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu kali inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, na yeyote anayekumbuka ufuo wetu ulivyokuwa kabla ya hapo anajua kwamba marufuku hiyo imetufaa. Vyombo vya abiria vinavyokwenda Faza na Kizingitini vilikuwa vikijazwa watu na mizigo mpaka bahari ikaribie ukingo, na kulazimisha maboya ya kujiokolea ni kulazimisha uhai. Wala watu wa visiwa hivi hawakatai kuzuiwa. Kisiwani Pate jamii zenyewe zimekuwa zikifunga sehemu za miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na wanaozilinda ni wale wale ambao wangeweza kwenda kuvua usiku. Kanuni za 2007 zilizounda vikundi vya usimamizi wa ufuo, tunavyoviita BMU, ziliwapa wavuvi nafasi ya kuchagua viongozi wao na kusimamia bandari ndogo zao pamoja na idara ya uvuvi. Zina upungufu wake, lakini mvuvi anajua mlango wa kubisha, na aliye ndani ya mlango huo ni mtu anayesali naye msikiti mmoja.

Tofauti yake niliiona kwa binamu yangu, ambaye ni nahodha. Ana bahasha ya plastiki anayoifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli ili maji yasiingie, na siku moja alinifungulia akaweka karatasi zake juu ya mkeka moja baada ya nyingine: usajili wa chombo, cheti cha ukaguzi, cheti chake cha unahodha, leseni ya uvuvi, kitambulisho cha BMU, stakabadhi za kaunti. Karibu kila moja ina ofisi yake, ada yake na tarehe yake ya kumalizika, na tarehe hizo hazilingani. Nyingi sasa huombwa na kulipiwa kwa mtandao, jambo ambalo limepunguza sana mikono ya kupitishia fedha na ninalisifu, ila nahodha ambaye simu yake ni ya kubonyeza hulazimika kumlipa kijana wa saiba, yaani duka la mtandao, amjazie fomu. Kijana huyo huijaza kwa Kiingereza, na nahodha hutia saini jambo asiloweza kulisoma, ingawa Katiba katika kifungu cha 7 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia.

Mapema kaskazi hii, katika miezi ambayo bahari imetulia na ndiyo riziki ya mwaka mzima, mojawapo ya karatasi hizo ilikataliwa kufanywa upya. Ofisi iliyohusika siitaji. Aliambiwa kwa mdomo kwamba chombo chake hakijatimiza masharti, na alipouliza ni sharti gani aliambiwa arudi wiki ijayo. Aliporudi, aliyemwambia hivyo alikuwa amehamishwa, na aliyekuja badala yake hakuwa na faili. Chombo kilikaa mchangani, na mabaharia wake wanne wakatafuta kazi za kubeba mawe. Binamu yangu si mtu wa kulalamika, na pengine hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu alilichukulia jambo lile kama mtu anavyoichukulia tufani, kitu kisichokuwa na wa kuulizwa.

Na ukweli ni kwamba wa kuulizwa yupo. Nimekaa usiku mwingi nikisoma sheria za nchi yangu, kazi ambayo sikuwahi kuifanya nilipokuwa naishi hapa, na nimeona kwamba waliotunga Katiba waliliona jambo hili mapema. Kifungu cha 94 kinasema kwamba hakuna mtu wala chombo kingine zaidi ya Bunge chenye uwezo wa kutunga jambo lenye nguvu ya sheria, ila kwa idhini iliyotolewa na Katiba au sheria, na idhini hiyo sharti itaje lengo lake na mipaka yake. Sheria ya mwaka 2013 inayosimamia kanuni kama hizo inataka wanaohusika waulizwe kabla kanuni haijatungwa, na kanuni ifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo inakufa. Na hata ikipita, maisha yake ni miaka 10, labda ifutwe au muda wake umalizike mapema. Kwa maneno mengine, uwezo wa ofisi hizi ni wa kukopeshwa, na mkopeshaji ni sisi. Lakini kanuni huchapishwa kwa Kiingereza katika gazeti rasmi la serikali, na mkutano wa kutoa maoni hutangazwa mahali ambapo mtu wa Kiunga hawezi kupaona, kisha huandikwa kwamba umma ulishirikishwa.

Amu tayari imeonyesha kinachotokea watu wanaposhikilia haki hiyo. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ilitoa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi. Kundi la Save Lamu pamoja na wakazi wengine wakaenda mbele ya jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo likaifuta leseni, sababu kubwa ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliotangulia, katika kesi ya bandari, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wakazi zilivunjwa na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Nilizisoma habari hizo nikiwa Maskati na nikajivunia kwetu. Ila kesi ya bandari ilifunguliwa 2012 na hukumu ikatoka 2018, na ilihitaji mawakili, wataalamu na watu waliokuwa tayari kupoteza miaka yao. Mtambo wa makaa ni jambo kubwa linalokusanya umati. Karatasi ya nahodha mmoja haikusanyi mtu, na kwa hiyo ofisi ina uwezo zaidi juu yake kuliko iliokuwa nao juu ya mji mzima.

Ndiyo sababu naona kifungu cha 47 kuwa na maana kubwa kwa mnyonge kuliko vifungu vingi vinavyohubiriwa majukwaani. Kinasema kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyokifafanua inampa mwenye ofisi miezi mitatu ya kujibu tangu apokee ombi, na asipojibu, mahakama itakapouchunguza uamuzi huo itauchukulia kuwa ulifanywa bila sababu ya msingi, mpaka athibitishe kinyume. Nilipomsomea binamu yangu maneno hayo kwa Kiswahili changu aliniomba niyarudie. Kisha akaniuliza kama maneno hayo yanahusu pia mtu asiyekuwa na wakili, nikamjibu kwamba sheria haikutaja wakili.

Tumeandika barua. Ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na inauliza mambo matatu: chombo hiki kimekosa sharti gani, sharti hilo limeandikwa katika kanuni ipi, na kanuni hiyo ilifikishwa Bungeni lini. Tumeipeleka kwa mkono, nakala yetu imegongwa muhuri wenye tarehe, na nakala nyingine imekwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Viongozi wa BMU yake wameniomba niwaandikie mfano wa barua hiyo wenye nafasi tupu za jina na nambari ya chombo, na nimeshaufanya. Aliye Faza, Kizingitini, Mkokoni au Kiunga, aliyenyimwa karatasi yoyote kwa neno la mdomo, na aniandikie nimtumie huo mfano. Na aliyekwisha kupata jibu la maandishi kutoka ofisi yoyote ile, zuri au baya, naomba anitumie nakala, kwa sababu tunataka kuyasoma yote kwa sauti barazani kabla ya kusi kuanza.