Goti langu, bamia za mama mkwe na hii kitu inaitwa gegedu

Basi bwana, Jumapili moja mwezi wa tatu tulikuwa kiwanjani huku Tabata sisi maveterani na vitambi vyetu, nikageuka kumfukuza winga mmoja hivi, njumu ikang'ang'ania mchangani mwili ukaenda, ndani ya goti kitu kikalia kama mtu kavunja muwa. Cha ajabu hata sikuanguka. Nikamaliza mechi, nikarudi home na boda nikimlaumu refa, kesho yake asubuhi ndo goti limeumuka kama andazi na kulikunja siwezi.

Ushauri ukaanza kumiminika. Jirani akasema msuli umepanda, akaniletea mzee mkandaji akanikanda na mafuta ya moto mpaka machozi yakanitoka (msifanye hivi jamani, goti lililovimba jana halikandwi na moto, linawekwa barafu, hata ile ya mfuko ya mtaani ukiizungushia kanga inatosha). Duka la dawa wakanipa diklofenaki, nikazimeza wiki mbili bila kumuuliza mtu hadi tumbo likaanza kuwaka. Mama mkwe naye akaja na kilo nzima ya bamia. "Baba, mafuta ya magoti yamekwisha hayo, kunywa maji ya bamia na supu ya kongoro." Sasa mama mkwe utamwambia nini? Nikanywa.

Nikapiga eksirei, nikaambiwa mfupa mzima, nenda kapumzike. Nikapumzika kweli, miezi miwili mguu juu ya stuli, na bado nikishuka ngazi za kituo cha mwendokasi goti linanasa, afu linaachia ghafla kama linataka kunimwaga. Ni dokta mwingine kabisa ndo alilishika, akalikunja akalizungusha, akasema eksirei haionyeshi gegedu, kapige MRI, ile picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha hadi vitu laini vya ndani.

Gegedu mnaijua, ni vile tu hatuijui kwa jina. Ukimaliza kula paja la kuku, ile kofia nyeupe inayoteleza pale kwenye ncha ya mfupa, ambayo watoto wanaitafuna kwa sauti, ndo hiyo. Kwetu kwenye goti ina milimita chache tu. Juu ya hiyo kuna nyingine mbili zimekaa katikati ya mfupa wa paja na wa muundi, zina umbo la mwezi mchanga, zinaitwa meniskasi, kazi yake ni kama ile washa ya kwenye bolti, kupokea uzito na kuutawanya. Yangu ya upande wa ndani ilikuwa na mchaniko, na dokta akasema kwa umri wangu wa miaka 43 ilishachakaa zamani, ile Jumapili ilimalizia tu.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: gegedu haina mishipa ya damu. Ukijikata kidole damu inaleta vifaa vya ujenzi, huku hakuna barabara ya kupita. William Hunter, daktari wa London, alishaandika mwaka 1743 kwamba gegedu ikishaharibika hairudi. Inakula kutoka kwenye ute wa goti, na inakula kama dodoki, ukilikamua linatoa maji ukiliachia linanyonya mengine, yani bila goti kukunjwa na kukunjuliwa chakula hakifiki vizuri. Kwa hiyo miezi miwili kwenye stuli nilikuwa nalishindisha njaa. Na bamia? Inaishia tumboni inasagwa kama mboga nyingine yoyote, hakuna bomba la kuupeleka ule mlenda gotini.

Nilitaka nipasuliwe yaishe. Dokta akanipoza, akasema Wafini walifanya utafiti uliotoka 2013, watu 146 wenye mchaniko wa uchakavu kama wangu, nusu wakakatwa kile kipande kilichochanika na nusu wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza, baada ya miezi 12 maumivu yao hayakutofautiana. Lakini kijana wa miaka 20 aliyejipinda uwanjani goti likafunga kabisa halinyooki, huyo asisubiri, maana ukingo wa nje wa meniskasi una damu kidogo na ukichanika unaweza kushonwa ukapona. Kuna hata Waswidi walioonyesha mwaka 1994 kwamba unaweza kuchukua seli za gegedu ya mtu mwenyewe, ukazikuza maabara ukazirudisha kwenye shimo, ila hiyo ni kwa kidonda kidogo kwenye goti ambalo bado bichi, sio letu sisi wazee wa supu.

Mimi nikapelekwa kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo ananiamkia shikamoo afu ananitesa. Zoezi la kwanza nilicheka: kunja kanga iweke chini ya goti, ibonyeze kwa goti, hesabu tano, achia, mara kumi. Siku ya tatu paja linatetemeka kama limepigwa shoti. Msuli wa mbele wa paja ukiwa na nguvu unapokea mzigo ambao goti lingebeba peke yake. Na kitambi nacho, kila kilo 1 unayopunguza, goti linapunguziwa kama kilo 4 kwa kila hatua, mimi nimetoa 6, piga hesabu mwenyewe. Chapati za asubuhi ndo nazililia mpaka leo.

Sasa hivi Jumamosi naenda ufukweni Coco natembea ndani ya maji ya kiunoni, watu wananishangaa. Kupanda ngazi poa, kushuka bado nashika bomba. Jumapili nakuwa refa, na wananilaumu mimi sasa. Mama mkwe bado analeta bamia, nazipika na nyanya chungu nakula na ugali, na yeye anajua ndo zilizoniponya.