Bibi akachagua negativu

Binti yangu amevuta bahasha kutoka chini ya droo, akaitoa ile karatasi, akaitazama weee, kisha akauliza: "Mama, huyu si ni bibi yako? Mbona ana nywele nyeusi, na uso kama amepakwa unga?"

Nikamjibu kwamba hiyo ni negativu, picha iliyogeuka, penye mwanga peusi na penye giza peupe. Hakuridhika, na kusema kweli jibu lenyewe linapwaya.

Ilikuwa enzi zile za sanduku. Kamera ya inchi 4 kwa 5, mvukuto wake nimeuziba matundu kwa utepe mweusi, na filamu zake ghali kiasi kwamba kila nikitaka kupiga moja naanza kutafuta sababu ya kuahirisha. Ndipo nikaanza kuchukua karatasi za kuchapishia picha, nazikata, nazipachika mahali pa filamu.

Karatasi ina raha yake. Haioni wekundu, kwa hiyo unaikata na kuipakia chini ya taa nyekundu huku unaona unachofanya. Filamu nyingi za leo zinataka giza totoro na wewe upapase. Ila karatasi ni nzito kupokea mwanga. Hii yangu niliipima nikaona inakwenda kama ISO 6, na ISO ndiyo kipimo cha wepesi wa kupokea mwanga, namba ndogo ni nzito. Mahali ambapo filamu ya ISO 100 ingetosheka na nusu sekunde, yenyewe inadai sekunde 8. Tena ukisogea karibu na uso, mvukuto unarefuka, na lenzi ya milimita 150 ikifika milimita 200 kutoka kwenye karatasi, mwanga umeshapungua karibu nusu. Nani atatulia muda wote huo? Watoto hawafai. Wanaume wazima wanaanza kucheka.

Bibi alitulia. Alivua kitambaa cha kichwani, akakaa ubavuni mwa dirisha na nywele zake nyeupe pe, akaniambia nimpige vile vile alivyo, nisimrembe. Nikaingia chini ya shuka jeusi, nikamwona kichwa chini miguu juu kwenye kioo cha ukungu, nikakaza fokasi kwenye jicho la upande wa dirisha. Nikafunika lenzi, nikapachika karatasi, nikavuta kibao kinachoikinga na mwanga, nikafunua lenzi, nikahesabu. Alipepesa macho mara kadhaa katikati ya hesabu. Hilo halina neno, kupepesa ni kufupi mno, karatasi haikuti kitu.

Wasiwasi wangu ulikuwa kwingine. Karatasi ya namna hii huona zaidi bluu, na ngozi ya kahawia hairudishi bluu nyingi, kwa hiyo uso huzama gizani wakati mvi zinawaka. Nilikuwa nimeipa karatasi mwanga hafifu kidogo kabla ya kuipakia, ili sehemu za giza zisianze kutoka sifuri. Ujanja wa zamani, unasaidia.

Bibi alikataa kungoja nje. Akaingia nami chumba cha giza, akavuta kigoda, akalalamika harufu ya siki, nikamwambia ndiyo inayosimamisha dawa. Nikaitumbukiza karatasi kwenye beseni la kwanza, nikawa nainua ukingo na kuushusha taratibu. Kwa sekunde kumi hivi hakuna kitu, karatasi tupu chini ya mwanga mwekundu. Kisha vikatokea vistari vyeusi, vyembamba, vimejipinda, kimoja, viwili, halafu kundi zima. Nywele. Zile mvi ndizo zilizorudisha mwanga mwingi kuliko kitu chochote mbele ya lenzi, kwa hiyo ndizo zilizotangulia kuiva, na zikaiva nyeusi. Ikafuata kola ya blauzi. Ikafuata mfupa wa shavu upande wa dirisha. Uso wenyewe ukabaki mweupe wenye kijivujivu, mikunjo ikiwa myeupe zaidi, na katika kila jicho kidoa kimoja cheusi, pale dirisha lilipojiakisi.

Bibi alikuwa ameinama hadi pua inakaribia dawa.

"Hizo nywele umezitoa wapi?"

"Ni zako, bibi."

"Zangu za lini?"

Nikaihamishia karatasi kwenye siki, kisha kwenye dawa ya kukazia, huku namweleza kwamba hii ni nusu ya kazi, kesho nitaigeuza, kila kitu kitarudi mahali pake.

"Nusu hii inanitosha," akasema. "Usirudishe kitu."

Niliigeuza hata hivyo. Unalaza karatasi mpya chini, negativu juu yake, uso kwa uso, kioo juu kuzikandamiza, kisha unapitisha mwanga kwa mgongoni. Ilitoka picha ambayo sijawahi kupata nzuri kama ile: kila mkunjo, kila unywele, na nyuzi za karatasi zimejichapa mle kidogo. Bibi akaishika kwa adabu, akairudisha. "Huyu naonana naye kila asubuhi kwenye kioo." Akachukua negativu yake, akaipachika ukutani.

Niliudhika, sitaki kujitia usamehevu. Nikajiliwaza na Talbot, Mwingereza mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha. Negativu kongwe kuliko zote zilizobaki ni yake, ya dirisha la nyumbani kwake Lacock Abbey, Uingereza, Agosti 1835. Ni kikaratasi kisichojaza kiganja, vioo vyeusi na fremu nyeupe, na mwenyewe aliandika kando kwamba vioo hivyo, kama 200, viliweza kuhesabika kwa msaada wa lenzi. Watu wanakitazama hivyo hivyo kilivyo, hakuna anayelalamika kwamba ni nusu. Kwa nini bibi yangu asifanye hivyo? Lakini Talbot hakuwa anaficha mvi. Au bibi naye hakuwa anaficha chochote. Kila mgeni aliyeingia alioneshwa ukuta ule na mwenye picha akiwa amekaa pembeni, kichwa wazi.

Habari ikamfikia mdogo wake, bibi mdogo, ambaye miaka yote alikuwa anapaka nywele rangi nyeusi. Akaja, akataka ya kwake, na wakae wote wawili. Wakakaa. Nikaingia nao wote chumba cha giza, tumebanana. Nywele za bibi zikatangulia kama kawaida yake, nyeusi tii. Za bibi mdogo hazikuja. Tukangoja. Hazikuja, kwa sababu rangi nyeusi hairudishi kitu, na karatasi ikamwachia kichwa cheupe kuliko cha dada yake kilivyokuwa mchana.

Bibi akacheka hadi akashika meza.

Bibi mdogo akaniamuru niigeuze haraka, nami nikaigeuza, na kwenye ile ya kugeuzwa nywele zake zikawa nyeusi, akatulia. Kisha akaisogeza karibu na taa. Katikati ya kichwa, penye njia ya nywele, mizizi ilikuwa imeanza kuota mvi, na mstari ule ulionekana kwenye picha zote mbili, mweusi kule, mweupe huku.

"Kamera yako ina umbea," akaniambia, na akaondoka nayo.