Nilivyomzungusha Mama Mji Mkongwe, Baraza kwa Baraza

Kila niliyemwomba ushauri aliniambia Mama, mwenye miaka 71 na goti bovu, abaki hotelini. Ushauri mbaya kabisa! Mama amefundisha watoto shule ya Jumapili miaka mingi akitamani kulifikia kanisa la Mkunazini, leo avuke bahari aje kulala?

Magari hayapiti kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na ramani ya simu msiitegemee. Sisi ilitufikisha vizuri msikiti wa Malindi, wenye mnara wa umbo la pia, lakini huko Kiponda ikapotea kabisa. Tukafuata kichochoro kikaishia mlangoni kwa watu. Tukarudi, tukashika kingine, tukatokea mlango uleule wenye njumu za shaba. Mara ya tatu Mama akanishika bega: "Mwanangu, goti limekataa."

Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani, kwenye kikalio cha mawe mbele ya nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkalishe mama kwanza, maneno baadaye."

Nikamwambia tunatafuta kanisa la Anglikana na la Mtakatifu Yosefu. Akafikiri. "Ala, Mkunazini na Minara Miwili! Sasa msiulize njia yote. Ulizeni mpaka baraza la mbele, mama apumzike, muulize tena."

Tukaenda hivyo. Mabaraza saba, kila moja salamu na mapumziko, na mahali pamoja kahawa ambayo walikataa tuilipie. Pesa yetu kubwa ilikwisha kwenye boti tu.

Mkunazini palikuwa soko la watumwa. Lilifungwa 1873, na mwaka huohuo Askofu Edward Steere akaanza kujenga kanisa. Kaburi lake liko nyuma ya altare. Altare yenyewe imesimama palipokuwa na nguzo ya kuwachapia watu. Mama alisimama pale kimya muda mrefu. Kwenye vyumba vya chini ambamo inasemekana watumwa walifungiwa, vyenye dari la kuinamia, nilimsihi asishuke. Alishuka kwa kukaa ngazi moja moja, akatoka analia.

Minara Miwili, yaani Mtakatifu Yosefu, tuliitazama kwa nje, milango ilikuwa imefungwa. Mama hakujali. Alitaka turudi Kiponda kumshukuru yule mzee. Tukaambiwa amekwenda kuswali alasiri. Mama akakaa barazani pake, akanyoosha mguu, akasema tunamsubiri.