Siku Moja Maishani Mwangu: Natafiti Uzazi kwa Wanaouguza Nyumbani

Mimi ni mwanasaikolojia wa utafiti. Sitibu, nauliza, nasikiliza, nahesabu, kisha naandika. Mradi tulionao sasa unahusu watu wanaouguza ndugu nyumbani huku mambo yao wenyewe ya uzazi yakiendelea: mimba, kujifungua, mimba kuharibika, kutafuta mtoto, kukoma hedhi. Washiriki ninaowataja hapa nimebadilisha habari zao vya kutosha, asitambulike hata mmoja.

Saa 12:30 asubuhi

Naanza na simu. Wanaouguza huandika usiku, na ujumbe wao unafanana: mgonjwa hakulala, naomba tusogeze. Leo wawili wamesogeza.

Watu wa nje ya kazi hii huwahesabu hawa kuwa wasumbufu. Kwangu ndio wa thamani kuliko wote. Anayeahirisha kila mara mara nyingi ndiye maji yamemfika shingoni. Ukimfuta kwenye orodha kwa sababu amekosa miadi, kama taratibu za miradi mingi zinavyoruhusu, utabaki na wenye nafuu, wale wenye dada wa kuwashika mkono, kisha utatangaza kwamba hali si mbaya sana. Kwa hiyo mahojiano yetu tunayakata vipande: nusu leo, nusu wiki ijayo, kipande kingine kwa simu mgonjwa akishasinzia. Wafadhili hawapendi, maana wahojaji wanalipwa saa za ziada. Mimi nimeacha kubishana nao. Naliandika kwenye bajeti mapema.

Saa 2:00 asubuhi

Ofisini, kupanga makaratasi. Madodoso mawili hutangulia kila mahojiano.

La kwanza ni la Edinburgh, la kupima sonona baada ya kujifungua, lililochapishwa mwaka 1987 na Cox, Holden na Sagovsky. Lina maswali 10, alama 0 hadi 30, na yote yanahusu siku saba zilizopita. Waliolitunga walikuwa na akili: hawakutegemea dalili za mwilini kama uchovu, kwa sababu mama mwenye kichanga atachoka tu hata akili ikiwa imetulia kabisa. Siku hizi linatumika hata wakati wa ujauzito na baada ya kupoteza mimba. La pili ni la Zarit, la kupima mzigo wa kuuguza. Asili yake ni mwaka 1980, na toleo linalotumika sana lina maswali 22, kila moja alama 0 hadi 4.

Kila moja ni zuri kwa kazi yake. Ila la kwanza halina habari na mgonjwa aliyelala chumba cha pili, na la pili halina habari na tumbo la anayejibu.

Saa 3:30 asubuhi

Mshiriki wa leo tumemfuata kwake, maana hana wa kumwachia mgonjwa. Anamuuguza mama mkwe aliyepata kiharusi. Upande mmoja wote hauna nguvu. Mimba yake mwenyewe iliharibika miezi michache iliyopita. Tunakaa sebuleni, lakini amechagua kiti kinachotazama mlango wa chumba. Sikio moja liko kwangu, jingine liko kule.

Nafika kwenye zile siku saba. Ananiangalia.

“Dada, wiki hii niko sawa. Ile wiki niliyotoka hospitali mbona huniulizi?”

Namwambia anieleze, naweka kalamu chini, kinasa sauti kinaendelea. Alipotolewa aliambiwa apumzike na asinyanyue kitu kizito. Jioni ile ile ilikuwa zamu yake kumgeuza mgonjwa. Mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa chache, ngozi isije ikafanya vidonda kwa kulalia upande mmoja. Ananionesha kwa mikono, ameketi pale pale: mmoja unapita chini ya bega, wa pili chini ya nyonga, unamvuta kuelekea kwako, unamlaza ubavu, mto mgongoni, mto mwingine katikati ya magoti ili mifupa isigusane.

“Nikajiuliza,” anasema, “na mtu naye ni kitu kizito?”

Anacheka. Mimi nashindwa.

Mama mkwe hajui mpaka leo kwamba kulikuwa na mimba. “Angelia. Akilia presha inapanda, na presha ikipanda ni mimi tena.” Hesabu hiyo ameipiga peke yake, na ndani yake mna karibu kila kitu ninachokitafiti. Huzuni ya uzazi imefichwa kwa sababu ya uuguzaji, na aliyeificha ni yule yule anayeibeba. Kwenye dodoso la Edinburgh alama zake ziko chini. Kwenye lile la Zarit ziko katikati. Ungesoma namba hizo mezani ungesema huyu anajimudu.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliowafuatilia wanawake waliopoteza mimba changa. Mwezi mmoja baadaye asilimia 29 walikuwa na dalili za msongo wa baada ya tukio la kutisha, na miezi tisa baadaye asilimia 18 bado walikuwa nazo. Takwimu hizo nazitumia kila nikiambiwa na mwenzangu kwamba “miezi michache iliyopita” ni zamani.

Swali la kumi la Edinburgh, la mawazo ya kujidhuru, naliuliza taratibu na simsomei nikiwa nimeinamia karatasi. Leo jibu ni kamwe. Jibu likiwa jingine lolote, utafiti unasimama hapo hapo: namuuliza zaidi kuhusu usalama wake, simwachi peke yake, na siku hiyo hiyo anakutanishwa na mshauri tuliyekubaliana naye. Hilo halisubiri dodoso limalizike.

Saa 7:00 mchana

Unukuzi. Msaidizi wangu mpya alikuwa amenukuu rekodi ya juzi vizuri sana, sentensi zimenyooka, kelele zote zimeondolewa. Nikamwomba azirudishe.

Sauti ya mgonjwa akiita kutoka chumbani ni data. Sauti ya anayehojiwa akijibu “nakuja, mama” katikati ya sentensi, kisha akarudi kwenye neno lile lile alilokuwa ameliacha, nayo ni data. Katika rekodi hii anaangalia saa kwa sauti: “bado dakika kumi dawa.” Hakuulizwa kuhusu dawa. Tulikuwa tunazungumzia hedhi yake iliyoanza kuruka miezi.

Mwaka 2019 mwanasosholojia Allison Daminger alichapisha utafiti wa mahojiano na jozi 35 za wenzi kuhusu kazi ya kichwa ndani ya nyumba. Aliigawa hatua nne: kuona jambo kabla halijafika, kutafuta njia, kuamua, na kufuatilia kama limefanyika. Kuamua kulikuwa kwa pamoja zaidi. Kuona mapema na kufuatilia ndiko kulikowaangukia wanawake hasa. “Bado dakika kumi dawa” ni hatua ya nne, na ukifuta kelele kwenye rekodi umeifuta.

Saa 8:30 mchana

Kikao na mtakwimu wetu, kaka mmoja mtulivu ambaye hunikosesha raha kwa sababu mara nyingi yuko sahihi.

Amechakata data za mwanzo. Wanawake wanaouguza wana alama za juu za mzigo kuliko wanaume. Akiingiza saa za kuuguza kwenye mfano wake wa takwimu, yaani hesabu inayopima mambo kadhaa kwa pamoja, tofauti inapungua hadi karibu itoweke. “Kwa hiyo tuandike kwamba jinsia haina athari,” anasema.

Ana hoja. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Janet Hyde alikusanya chambuzi kuu 46, yaani kazi zinazojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, za tofauti za kisaikolojia kati ya wanawake na wanaume, akaonesha kwamba asilimia 78 ya tofauti hizo ni ndogo au karibu na sifuri. Mwaka 2006 Pinquart na Sörensen walichambua tafiti 229 za wanaouguza: wanawake walizidi kwa mzigo na sonona, lakini tofauti nyingi zilikuwa ndogo, na sehemu ilielezwa na ukubwa wa kazi zenyewe. Mwanamke hajaumbwa na moyo mwepesi wa kuelemewa. Hapo nakubaliana naye moja kwa moja, na natamani wengi zaidi walisikie.

Tunapoachana ni kwenye zile saa. Yeye anazihesabu kama kitu cha pembeni kinachopaswa kuondolewa ili jinsia ibaki peke yake. Mimi nasema jinsia inapita humo humo. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi ya malezi na huduma isiyolipwa: kwa wastani saa 4 na dakika 25 kwa siku, dhidi ya saa 1 na dakika 23 za wanaume. Ukishaziondoa saa hizo, umeondoa njia yenyewe ambayo jinsia inafikia mwili wa mtu, halafu unashangaa kwamba jinsia haionekani.

Ninasema mwili kwa makusudi. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwafanyia jeraha dogo la mkononi, milimita 3.5, wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu wenye maradhi ya kusahau, na wengine wa umri kama wao wasiouguza mtu. Majeraha ya wanaouguza yalichelewa kupona kwa wastani wa siku tisa. Kundi lilikuwa dogo, 13 kwa 13, na mtakwimu wetu hachoki kunikumbusha. Hunikumbusha pia kwamba kuuguza si hukumu ya kifo. Utafiti wa mwaka 1999 wa Schulz na Beach ulikuta wenzi wanaouguza na kuelemewa wana hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ndani ya miaka minne. Ule wa mwaka 2013 wa Roth na wenzake, uliotazama wanaouguza kwa jumla, ulikuta vifo vichache kuliko kwa wasiouguza. Hivyo viwili havigombani. Neno zito katika ule wa kwanza ni “kuelemewa”.

Tumeafikiana kuchapisha mifano yote miwili, wa kwake na wa kwangu, na kumweleza msomaji tofauti yake. Maelewano ya aina hiyo huchukua kikao kizima.

Saa 11:00 jioni

Mahojiano kwa simu na baba mmoja. Mke wake alipata sonona baada ya kujifungua, na yeye ndiye anayemuuguza, anamwangalia mtoto, na anakwenda kazini. Namuuliza yeye ni nani katika habari hii. “Mimi namsaidia tu.”

Wanaume wengi hujibu maswali yangu kwa orodha ya kazi. Amka, osha, peleka, rudi. Ukiuliza anajisikiaje, unapata kazi nyingine. Nimejifunza kuuliza kuhusu usiku: akiamka saa nane, anaamka kwa sababu mtoto amelia, au ameamka kabla? Anakaa kimya kidogo. “Kabla. Nasikiliza kama mke wangu anapumua.”

Uchambuzi mkuu wa Paulson na Bazemore wa mwaka 2010 ulikadiria kwamba karibu asilimia 10 ya akina baba hupata sonona kati ya ujauzito wa mwenzi na mwaka wa kwanza wa mtoto, na ilipanda zaidi mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita. Ilikwenda sambamba pia na sonona ya mama. Dodoso la Edinburgh linatumika hata kwao, ila watafiti wengi hushusha kiwango cha alama za tahadhari, kwa kuwa akina baba hujibu kwa kujibana. Huyu alama zake si za kutisha. Hata hivyo nimempa namba ya mshauri, akaniuliza kama ni ya mke wake. Nikamwambia ni yake. Akaiandika.

Saa 12:30 jioni

Kikao kifupi na wahojaji. Kila mmoja anasema alilolisikia ambalo hataki kulala nalo. Si hiari, limo kwenye ratiba kama kazi nyingine yoyote. Msichana mmoja leo amesema hana la kusema, tukamwacha, kesho ataulizwa tena.

Saa 2:00 usiku

Barua ya kamati ya maadili. Niliomba kuongeza swali moja kwa washiriki wote wanaouguza: kama katika miezi 12 iliyopita walipata mimba, kuipoteza, au walikuwa wakitafuta mtoto. Kamati imejibu kwamba swali linagusa mambo ya siri na haioni uhusiano wake na uuguzaji.

La siri nakubali, na nimeandika jinsi tutakavyolilinda: litaulizwa mwishoni, mshiriki akiwa peke yake, ana ruhusa ya kuliruka, na jibu litatunzwa mbali na jina. Wanaume nao wataulizwa, kwa upande wa wenzi wao. La uhusiano nimelijibu kwa aya moja, bila kumtaja mtu: mtu anayepona baada ya kupoteza mimba huambiwa asinyanyue uzito, na kazi ya kwanza ya anayeuguza asiyejiweza ni kunyanyua.

Mtakwimu ametuma ujumbe: dodoso limerefuka, swali likiingia lazima jingine litoke. Nimempendekezea tutoe mawili ya kipato, ambayo yanaulizwa tena ukurasa wa nne kwa maneno mengine. Amekubali moja. Lile la pili tutalijadili kesho, na barua imeshatumwa.