Daftari la Baba na Fomu 34A

Nyumbani kwetu kina baba walikuwa wawili. Wa kwanza ni baba yangu mzazi, mvuvi, mzee wa Langoni hapa Lamu. Wa pili ni Raila Odinga, mgombea urais ambaye nusu ya Kenya ilimwita Baba. Msimu wa uchaguzi wa 2022 ukitaja "Baba" ilibidi ufafanue. Mama akisema, "Baba hajala," mdogo wangu hudakia, "Baba yupi?" Tulicheka hivyo mpaka Jumatatu ya tarehe 15 Agosti.

Nianze na alivyokuwa, maana watu wakisikia mzee kaumia kwa matokeo hudhani ni ushabiki kama wa mpira. Baba alikuwa wakala wa chama kituoni. Jumanne ya tarehe 9 alitoka kabla ya alfajiri na chupa yake ya kahawa, akarudi usiku wa manane ushapita, na nakala ya Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati. Alikuwa amekaa akitazama kila karatasi ya kura ikiinuliwa, ikisomwa, ikiwekwa kwenye rundo lake, kisha akatia sahihi. Kabla hajalala aliinakili fomu nzima kwenye daftari la miraba la mjukuu wake. Kurasa zilizofuata alizijaza tarakimu za redioni, kaunti baada ya kaunti, siku sita mfululizo.

Tarehe 15 tulikuwa dakani, redio katikati. Habari zilikuja kwa vurugu: mara fujo ukumbini Bomas, Nairobi, zilikojumlishwa kura, mara makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi wamejitenga na matokeo. Mwenyekiti Wafula Chebukati aliposoma, Baba aliandika: William Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Akatoa kwa mkono, akikopa na kurudisha kama tulivyofunzwa darasa la tatu, akapata 233,211. Akatoa tena, ikaja ileile. Akafunga daftari, akalitia chini ya mto, akalala na shati lake.

Ilikuwa mara ya tano Raila kugombea urais bila kuupata. 1997, 2007, 2013, 2017, na hii. Zote tano alikuwa amempigia yeye.

Siku tatu hakutoka nje. Uji wa asubuhi ulipoa mpaka ukaota ngozi, Mama akauondoa bila neno. Msikitini hakwenda, aliswali chumbani. Barazani Mkunguni ndio kabisa, kule wangemtania, na Waamu wakianza kukutania hawana huruma. Usiku nilimsikia akitembea, na redio imewashwa chini kwa chini. Siku ya nne nikamwita jirani yetu ambaye ni muuguzi aje ampime presha. Ilikuwa 178 kwa 104. Pakiti ya vidonge ilikuwa palepale dirishani, havijaguswa tangu Jumatatu.

Hapo niliogopa, na mtu akiogopa hufanya mambo ya kipuuzi. La kwanza nililofanya ni kumwambia, "Baba, ni siasa tu, itapita." Alinitazama kama aliyesikia mtoto akitukana. Kwake hakuna kitu kinachoitwa siasa tu. Bandari mpya ilipofunguliwa Mei 2021 yeye alikuwa tayari amehesabu maeneo ya kuvulia yaliyopotea kwa kuchimbwa mkondo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na kufikia siku ile tunayozungumza yeye alikuwa hajaona hata senti. Kijikaratasi chake cha kujiandikisha amekihifadhi ndani ya msahafu. Sasa mtu wa namna hiyo unamwambia ni siasa tu?

La pili lilikuwa baya zaidi. Nilimficha redio. Niliitia ndani ya debe la mchele nikafunika, nikajiona mjanja. Hakuuliza. Nilimsikia tu akifungua kabati na kufunga, akiinua mito, akishuka ngazi. Mwisho akaja akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "mimi ni mtu mzima. Nimepita Kiwayu usiku kwenye kusi bila taa. Nipe redio yangu."

Niliitoa, vumbi la mchele limejaa kwenye matundu ya spika. Aliipuliza taratibu, tundu kwa tundu, asinitazame. Aibu ile bado ninayo. Na siku hizi nikisikia watu wakishauri kwamba mzee akisumbuliwa na habari mzimie simu, mfungie runinga, huwa nataka kuwauliza kama wamewahi kuishi na mzee.

Wa kuzimiwa simu alikuwa kaka yangu. Yuko Mombasa, na kila baada ya saa alikuwa akituma sauti kwenye simu ya Mama: wameiba, wamebadilisha, kuna mtu ndani ya tume kasema hivi. Mama hajui kupunguza sauti, kwa hiyo nyumba nzima inasikia. Nilimpigia. Sikubishana naye kama ni kweli au si kweli. Nilimwambia, "Kaka, presha ya Baba ni 178. Ukiwa na neno la kumwambia, panda basi uje umwambie hapa, ushinde naye." Alikasirika. Lakini sauti zilikoma.

Usiku wa tano nikaacha kumwambia, nikamuuliza. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. "Baba, hasa kinachokuuma ni nini?" Nilitarajia jina la mtu, au bandari. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Ile fomu. Nimekaa pale saa ishirini sikuinua mgongo. Nikatia sahihi. Sijui ilikwenda wapi."

Kumbe mwenzangu haombolezi kushindwa. Analilia kazi yake. Alidhani usiku ule wake umetupwa jaani.

Bahati ni kwamba mwaka ule tume ilikuwa imeanika fomu za vituo kwenye tovuti yake, mtu yeyote angeweza kuzifungua. Vituo vilikuwa 46,229. Nilikuwa nimesikia, sikuwahi kufikiria kwamba kimoja kati ya hivyo ni cha kwetu. Nikamwambia, "Vaa miwani, lete daftari." Tukapanda juu ya nyumba, maana ndani mtandao hauingii, kuta zetu hizi za mawe na chokaa ni nene mno. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, nikaikinga simu kwa leso. Kaunti, Lamu. Jimbo, Lamu Magharibi. Wadi. Kituo. Picha ikaanza kushuka kidogo kidogo: kwanza nembo, kisha namba ya kituo, kisha majina na kura, kila mstari ukichukua muda wake kama mtu anayefunua sufuria polepole kukutamanisha.

Baba aliweka ukucha wa kidole gumba kwenye mstari wa kwanza wa daftari, akatazama simu, akashusha ukucha. Wa pili, akashusha. Kura zilizokataliwa, nne. Akashusha. Picha ilipofika chini kabisa kulikuwa na sahihi za mawakala, na ya tatu ilikuwa na mkia uliopinda kama ndoana.

"Hii yangu," akasema. Akamwita Mama kutoka juu kule, sauti ikavuka mpaka kwa jirani: "Ndoo uone! Sahihi yangu hii!"

Mama akapanda, akatazama, akasema mwandiko wake haujatengenea tangu madrasa. Tukacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Halafu Baba akavua miwani.

"Na hizo 46,228 nyingine?"

Sikuwa na jibu, na sikujitia kuwa nalo. Nikasema, "Zina mawakala wao, Baba."

"Hm," akasema. Lakini usiku ule alikula mkate wa mofa na samaki aliyebaki mchana, akameza kidonge mwenyewe.

Nisije nikaonekana nimemponya kwa simu. Asubuhi yake alikuwa kanuna vilevile. Ila sasa alikuwa anazungumza, na mtu anayezungumza unaweza kupatana naye. Tukapatana: redio mara mbili, taarifa ya saa moja asubuhi na ya saa moja usiku, na kidonge kinamezwa kabla ya muhtasari wa habari. Hilo la kidonge alilitoa yeye, sijui kama alinihurumia. Jirani alikuwa akipita kumpima kila baada ya siku mbili, na namba zikaanza kushuka.

Kesi ya kupinga matokeo ilipelekwa Mahakama ya Juu tarehe 22 Agosti, na kisheria majaji wana siku 14. Kwangu zile siku 14 zilikuwa mtihani kuliko zilizopita. Baba alikuwa akiikumbuka Septemba 1, 2017, mahakama hiyohiyo ilipoufuta uchaguzi wa urais, na nilimwona matumaini yakimpanda kama homa. Nikamuuliza mapema, tukiwa na kahawa: "Na wakikataa?" Akasema, "Mashua iwe majini siku hiyo."

Mashua ilikuwa imepandishwa pwani tangu kusi ianze. Ni ya urithi, yake na ami yangu. Na hapa ndipo penye kisa, maana Ami alikuwa amempigia kura Ruto, na jioni ile ya tarehe 15 alipita mlangoni kwetu akaita, "Poleni jamani, tumeshawazika!" Baba alifunga mlango. Tangu hapo hawakusemezana. Mama ndiye aliyeliona: kila siku akipika alimpelekea Ami sahani, bila ujumbe, sahani tu. Siku ya sita Ami akaja na sahani zote sita zimeoshwa, na patasi yake ya kukalafati.

Niliwapelekea chai pwani. Mashua imelazwa ubavu, Baba upande huu, Ami upande ule. Ami anasokota pamba iliyochovywa mafuta mpaka iwe kama kamba nyembamba, Baba anaipokea, anailaza kwenye ufa kati ya mbao mbili, anaipigilia ndani kwa patasi na nyundo. Tak, tak, tak. Unasikia sauti ikibadilika pamba inapojaa, kutoka mlio wa utupu mpaka mlio mzito. Hakuna aliyezungumza ila "lete" na "bado". Nilikaa nao karibu saa nzima na hayo ndiyo maneno niliyoyasikia. Nilirudi nyumbani nimepumua.

Jumatatu ya tarehe 5 Septemba nilifunga kibanda changu cha M-Pesa mapema. Ami alikuja bila kualikwa, akaketi dakani, akanyamaza. Kwa Ami kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kukalafati. Jaji Mkuu Martha Koome akasoma hoja moja baada ya nyingine, na kila moja ikaanguka. Mpaka mwisho.

"Majaji wote saba?" Baba akauliza.

"Wote saba," nikamwambia.

Akafungua daftari, akaandika tarehe, na mbele yake: 7 – 0. Ami akachungulia, akashindwa kujizuia, akacheka puani. Nikamshika Mama mkono. Baba akamtazama ndugu yake, na midomo yake ikaanza kumcheza, akacheka naye, machozi yakimtoka, sikujua ni ya kicheko au ya nini, wala sikuuliza.

Mashua haikuwa majini siku hiyo. Walisahau kuhesabu mwezi, hao wahesabuji wangu: yalikuwa maji mafu, hayafiki hata kwenye mkuku. Ikabidi wasubiri bamvua, maji yajae sana, ikaelea Jumapili ya tarehe 11. Ruto alipoapishwa Kasarani siku mbili baadaye, walikuwa nje baharini wote wawili, na redio waliiacha nyumbani.

Daftari bado lipo. Baba aliligeuza, akaanza kuandika kutoka nyuma: kilo za changu na tafi, nani kachukua kwa mkopo. Raila alipofariki India tarehe 15 Oktoba 2025, redio ilikesha tena, siku kadhaa mfululizo. Sikuigusa. Nilimpelekea kahawa na kidonge, nikaketi, Ami naye akaja akaketi.

Juzi akanituma nimnunulie daftari jingine, la miraba, lenye kurasa nyingi, kwa sababu uchaguzi ni Agosti 2027 na hili samaki wamelijaza.

"Utamhesabia nani sasa, Baba?" nikamuuliza.

"Kituo changu," akasema, akanipa shilingi mia.